Jinsi ya kupata saa ya kweli ya mji wako kwa fimbo na kivuli, kama watu walivyofanya kabla ya saa moja ya nchi nzima

Ukiwa Dar simu yako ikaandika saa 6:00 mchana, jua bado halijafika utosini, limebakiza kama dakika 23 hivi, na aliyeko Kigoma muda huohuo simu yake inaandika 6:00 ileile lakini jua la kwake limebakiza saa nzima na ushee. Hiyo saa ya kwenye simu ni ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, na huo mstari haupiti Tanzania, haupiti Kenya wala Uganda, unapita karibu na Mogadishu halafu unaingia baharini kuelekea Madagaska. Kwa hiyo sisi wote tunaishi kwa saa ya watu wengine, ila tumezoea.

Wanaolijua hili bila hata kufundishwa ni watu wa Mwanza na Kigoma wakati wa Ramadhani. Redio inaadhini magharibi ya Dar, mtangazaji anakumbusha kabisa kwamba ni kwa Dar es Salaam na maeneo ya jirani, sasa aliyeko Mwanza akifuturu kwa adhana hiyo anakula na jua analiona hilo hapo, maana Mwanza iko nyuma ya Dar kwa dakika 25 hivi. Ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini kwenu bado inafuata saa ya mji wenu, namba tu ndio zimeandikwa kwa saa ya serikali.

Zamani hakukuwa na shida. Kila mji ulikuwa na adhuhuri yake na hakuna aliyejali kama Bagamoyo na Tabora zinapishana, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kufika Tabora haraka kiasi cha kuliona hilo. Kilicholeta ugomvi ni treni na simu ya waya (telegrafu). Uingereza kampuni ya reli ya Great Western ilianza kutumia saa ya London mwaka 1840 kwenye stesheni zake zote wakati miji yenyewe inaendelea na saa zake, Bristol wakafika hatua ya kuweka mishale miwili ya dakika kwenye saa ya jengo lao la soko la nafaka, mmoja wa Bristol mmoja wa London, dakika 10 katikati. Mwaka 1858 kuna mtu kule Dorchester alishindwa kesi kwa kuchelewa mahakamani, akakata rufaa kwamba hakuchelewa, saa ya mahakama inafuata Greenwich, yaani ile ya London, na yeye amefuata saa ya mji, na akasikilizwa, ikaamuliwa kwamba saa 4 asubuhi maana yake ni saa 4 ya hapo mahali. Sheria ya saa moja kwa Uingereza nzima ilikuja 1880 tu, na ule mkutano wa Washington uliochagua mstari wa Greenwich ulikuwa Oktoba 1884.

Huku kwetu nako ni reli hizohizo. Ya Mombasa ilianza kujengwa 1896 ikafika ziwani 1901, ya Dar ilianza 1905 ikafika Kigoma 1914, na hiyo ya Kigoma ina karibu dakika 40 za jua kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Kenya kuanzia 1908 waliweka saa 2 na nusu mbele ya Greenwich, ambayo ni saa ya mstari unaopita kati ya Nairobi na Mombasa, baadaye wakajaribu saa 2 na dakika 45, hii saa 3 kamili tunayoijua ikaja kutulia miaka ya 1940. Yaani sio kitu cha tangu na tangu.

Haya tuingie kazini.

Unachohitaji

Fimbo au kipande cha mbao nyoofu cha kama mita 1 na kidogo, timazi (uzi wenye kitu kizito, hata nati inafaa), pimamaji ya fundi, chaki, uzi, futi kamba, kipande cha bati la kopo na msumari wa kulitoboa. Na simu yenye saa iliyojiseti yenyewe kwa mtandao, hiyo ndio tutailinganisha. Sehemu iwe wazi, ipate jua kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 alasiri bila kivuli cha mwembe wala nguzo ya umeme. Juu ya gorofa kunafaa sana kama unaruhusiwa kupanda.

Hatua ya 1: sakafu kwanza, fimbo baadaye

Watu wengi wakisoma maelekezo ya kivuli wanakimbilia fimbo, wanasahau sakafu. Sakafu za baraza na paa mafundi huwa wanazilaza kidogo makusudi ili maji ya mvua yatoke, na hapo ndio unapoliwa. Ikiinama kuelekea mashariki au magharibi kwa nyuzi moja tu, yaani sentimita 1.7 kwa kila mita, adhuhuri yako itasogea kwa kama dakika 2, na ubaya wake ni kwamba hata ukipima mara tatu siku hiyohiyo vipimo vyote vitakosea upande uleule kwa hiyo utaona vinakubaliana na utajisifu bure. Weka plaiwudi kubwa juu ya sakafu, igongeegongee vipande vya mbao chini hadi pimamaji itulie pande zote mbili, ndio uendelee.

Sasa kichwa cha fimbo. Ncha ya kivuli huwa haina mpaka, inafifia, kwa sababu jua lenyewe sio nukta ni duara lenye upana wa nusu nyuzi angani, kwa fimbo ya mita moja ule ukungu wa pembeni unafika sentimita moja na kitu. Dawa yake ni kile kipande cha bati, toboa tundu la milimita 4 au 5, kipigilie juu ya fimbo kijitokeze pembeni kimelala. Chini utaona kivuli cha bati na katikati yake doa la mwanga, doa hilo ndilo unalolifuata, linasomeka vizuri kuliko ncha yoyote ya kivuli.

Halafu, hapa makini: shusha timazi kutoka kwenye tundu lenyewe hadi kwenye ubao, weka alama pale inapogusa. Hicho ndicho kitovu chako, sio pale fimbo ilipochomekwa. Urefu wa kutoka tundu hadi chini fanya mita 1 kamili ili hesabu zisikusumbue.

Hatua ya 2: miduara na alama mbili

Kutoka kwenye kitovu chora kwa uzi miduara mitatu, ya nusu kipenyo sentimita 120, 100 na 80. Ubao ukiwa mdogo chora ile ya ndani tu, au tumia sakafu iliyosawazishwa. Asubuhi doa la mwanga liko mbali upande wa magharibi na linakuja taratibu kuelekea kitovuni, likigusa duara la kwanza weka alama na andika saa ya simu hadi sekunde, likigusa la pili vilevile, la tatu vilevile. Nenda kale. Mchana doa linavuka upande wa pili na linaanza kutoka nje, sasa unaandika kinyume, la sentimita 80 kwanza, la 120 mwisho.

Kwa nini tusisubiri tu kivuli kiwe kifupi kabisa halafu tuseme hiyo ndio adhuhuri? Kwa sababu pale katikati kivuli karibu hakibadiliki urefu, unaweza kukaa dakika kumi unakikodolea macho usijue kimeanza kurefuka lini. Asubuhi na alasiri kinakimbia, kwa hiyo alama inakuwa kali. Na kwetu huku kuna siku kivuli cha adhuhuri hakipo kabisa, jua linakuwa juu ya kichwa: Dar ni kama tarehe 3 Machi na 11 Oktoba, Mombasa kama 10 Machi na 3 au 4 Oktoba, Nairobi katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Njia ya miduara inafanya kazi hata siku hizo.

Miduara mitatu ni kwa ajili ya mawingu. Wingu likikuibia alama moja ya alasiri bado una nyingine.

Hatua ya 3: nusu ya katikati

Chukua mfano wa Dar tarehe 1 Septemba. Doa limeingia duara saa 3:40 asubuhi, limetoka duara hilohilo saa 9:06 alasiri. Katikati hapo kuna saa 5 na dakika 26, nusu yake ni saa 2 na dakika 43, ongeza kwenye 3:40 unapata saa 6:23. Hiyo ndiyo adhuhuri ya hapo ulipo kwa saa ya simu. Fanya hivyo kwa kila duara, chukua wastani.

Kabla hujafuta, unganisha alama mbili za duara moja kwa mstari mnyoofu. Huo unakupa mashariki na magharibi ya kweli, na mstari wa kuukata mraba ukipita kitovuni ni kaskazini na kusini. Usitumie dira ya simu kwa hili, nondo za kwenye zege zinaivuruga vibaya. Mstari wa jua hauvurugwi na kitu. Uchore kwa rangi ubaki, tutauhitaji.

Hatua ya 4: hakikisha kwa hesabu ya longitudo

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi moja ni dakika 4. Fungua ramani ya simu, bonyeza kwa muda pale ulipo, zitatokea namba mbili, ya pili ndio longitudo, yaani nyuzi ulizopo mashariki ya mstari wa Greenwich. Toa kwenye 45, zidisha kwa 4.

Dar ni 39.28, tofauti ni 5.72, mara 4 ni karibu dakika 23. Unguja mjini dakika 23 vilevile na sekunde chache. Mombasa 21, Lamu 16, Mtwara 19, Arusha 33, Nairobi 33, Dodoma 37, Kisumu 41, Mbeya 46, Mwanza 48, Kampala 50, Bukoba 53, Kigoma dakika 61 na nusu. Zote hizo ni dakika ambazo mji wako uko nyuma ya simu. Angalia namba za ramani ni za desimali, 39.28 sio nyuzi 39 na dakika 28, watu wanachanganya hapo kila siku.

Walioko Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi saa zao zinafuata mstari wa nyuzi 30, kwa hiyo toa kwenye 30 badala ya 45, na utakuta Kigali hakuna tofauti kabisa, Bujumbura dakika 2 na nusu, Lubumbashi 10. Muscat toa kwenye 60, wanabaki nyuma kwa dakika 6 tu. Ukipanga hivi unaona wenzetu wa Kigali wanaishi karibu na jua lao kuliko mtu wa Mwanza, na wako hapo jirani tu.

Hatua ya 5: jua lenyewe huwa linawahi na kuchelewa

Ukifanya kipimo cha hatua ya 3 Februari ukiwa Dar utapata saa 6:37, sio 6:23, ukifanya mwanzoni mwa Novemba utapata kama saa 6:07. Hujakosea. Dunia haiendi mwendo mmoja kwenye njia yake kuzunguka jua na pia imeinama, kwa hiyo jua huwa linatangulia au kubaki nyuma ya saa ya mashine. Shika hizi tu:

Karibu sifuri: 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba, 25 Desemba.
Jua linachelewa: 15 Januari dakika 9, 11 Februari 14, 15 Machi 9, 26 Julai 6 na nusu.
Jua linawahi: 14 Mei dakika 4, 3 Oktoba 11, 3 Novemba 16, 1 Desemba 11.

Siku za katikati kisia. Likichelewa unaongeza kwenye adhuhuri yako, likiwahi unapunguza. Kigoma kwa hesabu hii adhuhuri inatembea kati ya saa 7 kasorobo Novemba hadi saa 7 na robo Februari, na ndio maana mtu wa Kigoma akiambiwa saa sita mchana ni jua la utosi anacheka.

Hapa kuna uamuzi wa kufanya, unataka saa ya jua kama lilivyo au saa ya wastani? Wazee wa fimbo na adhana walikwenda na jua kama lilivyo. Saa za mashine zilipozidi kuwa nzuri Ulaya miji ikaanza kuhamia wastani, Geneva 1780, Berlin 1810, Paris 1816, kwa sababu ilikuwa shida kusogeza mshale wa saa ya mnara kila baada ya siku chache ili ulifukuze jua. Mimi ningekushauri saa ya ukutani iwe ya wastani (Dar irudishe dakika 23 basi, mwaka mzima huigusi) na kivuli kikuambie mengine.

Hatua ya 6: saa ya magharibi

Hii ndiyo ya pwani hasa. Unguja ya enzi za masultani hesabu ya saa ilianzia jua linapozama, magharibi ikiingia ni saa 12 na siku mpya imeanza, ndio maana mpaka leo kwetu usiku wa Ijumaa unatangulia mchana wa Ijumaa. Sisi tumebaki na hesabu hiyo ya saa moja asubuhi na saa moja usiku ila mishale tumeifungia kwenye saa ya serikali. Kuirudisha ilivyokuwa ni rahisi mno: chukua saa ya ukutani ya bei ndogo, kaa mahali unapoona upeo wa magharibi, ukingo wa mwisho wa jua ukizama tu weka mishale kwenye 12.

Mji Mkongwe wana bahati, Forodhani inatazama magharibi kwa hiyo jua linazama baharini mbele yako hakuna nyumba ya kukuzuia. Dar, Mombasa na Lamu bahari iko mashariki, magharibi kuna mapaa na minazi, hapo panda juu ya gorofa au tumia ratiba ya msikiti wa karibu.

Wasiwasi wa wengi ni kwamba magharibi inahama kila siku, sasa saa itakuwa ya namna gani hiyo. Inahama ndio, lakini hapa tulipo ni kidogo. Unguja mwaka mzima jua linazama kati ya kama saa 12:14 na 12:47 kwa saa ya simu, nusu saa tu na ushee, na kwa wiki moja mabadiliko hayazidi dakika 3 na nusu. Ukirekebisha kila Alhamisi jioni inatosha. London jua la Desemba linazama kabla ya saa 10 alasiri na la Juni linazama baada ya saa 2 usiku kwa saa yao ya Greenwich, jaribu kuishi na saa ya magharibi huko uone. Hii ni saa ya watu wa ikweta.

Kitu kimoja tu ujue, kwenye saa hii adhuhuri haitui kwenye 6 kamili kila siku. Unguja Desemba mchana unakuwa mrefu na adhuhuri inaangukia saa 6 kasoro dakika 14, Juni inaangukia saa 6 na dakika 6.

Hatua ya 7: saa ya kivuli ya kudumu, ya kwetu

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza saa ya jua utapewa ile ya Ulaya, bapa lenye pembetatu iliyosimama, na ukiitengeneza Dar kwa vipimo vya hapa hiyo pembetatu inakuwa ya nyuzi 7 tu, imelala karibu kabisa na haisomeki. Kwetu inayofaa ni ya fito iliyolala na mistari sambamba.

Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 40. Urefu wa 60 uelekeze kaskazini na kusini kwa ule mstari wa hatua ya 3. Katikati ya ubao, kwa urefu huohuo, weka nondo nyembamba ya milimita 6 ikiwa juu ya ubao kwa sentimita 10 kamili (pima kutoka katikati ya unene wa nondo), ishikwe na vipande viwili vya mbao mwanzo na mwisho. Chora mstari chini yake moja kwa moja, andika 6. Upande wa magharibi chora mistari sambamba kwa umbali wa sentimita 2.7, 5.8, 10 na 17.3 kutoka mstari wa katikati, andika 5, 4, 3, 2. Upande wa mashariki umbali uleule, andika 7, 8, 9, 10. Asubuhi jua liko mashariki kwa hiyo kivuli cha nondo kinaanguka magharibi, usije ukageuza. Saa 1 na saa 11 ziko sentimita 37 kutoka katikati, ubao hautoshi, achana nazo.

Sasa inua ncha ya kusini. Dar inua sentimita 7, Unguja 6 na nusu hivi, Mombasa 4, Nairobi sentimita moja na kidogo. Kwa walio kaskazini ya ikweta kama Kampala unainua ncha ya kaskazini, na ni kidogo sana, milimita chache. Mashariki na magharibi ubao ulale sawa kabisa kwa pimamaji, hapa nyuzi moja ni dakika 4 kamili hakuna huruma.

Ubao huu unasoma jua kama lilivyo. Ukitaka kuugeuza kuwa saa ya simu ongeza dakika za mji wako halafu rekebisha kwa hatua ya 5.

Bila kifaa chochote

Uko shambani, simu imezima. Simama sehemu tambarare, mtu aweke alama pale kivuli cha kichwa chako kinapoishia, halafu hesabu kwa nyayo zako mwenyewe, kisigino mbele ya vidole. Mtu ana urefu wa kama nyayo zake 6 na nusu hadi 7, mfupi kwa mrefu haina tofauti kubwa kwa sababu mwenye kimo kirefu ana mguu mrefu. Wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi pwani, wanahesabu alasiri imeingia kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa kitu ukijumlisha kile kivuli cha adhuhuri. Dar tarehe 1 Septemba kivuli cha adhuhuri ni karibu nyayo 2, kwa hiyo ukifika nyayo 9 hivi alasiri imeingia, na simu ingekuambia ni saa 9:42.

Kuanzia Oktoba 11 hadi mwanzoni mwa Machi kivuli cha adhuhuri Dar kinaelekea kaskazini, miezi mingine yote kinaelekea kusini, hiyo itakusaidia usipotee upande.

Oman vijijini walikuwa wanagawana maji ya falaji (mifereji ya kumwagilia mashamba) kwa fimbo ya namna hiihii, mtu zamu yake inaisha kivuli kikifika alama, kipimo chao athari ni kama nusu saa, na usiku wakahamia kwenye nyota. Maji ni mali, kwa hiyo walipima kweli, hakuna kukadiria.

Usiku, na siku za mawingu

Nyota ndio kipimo kikali zaidi cha kujua kama saa yako inakimbia au inabaki. Ning'iniza timazi mbili kwenye mstari wako wa kaskazini na kusini, moja mbele ya nyingine, lala nyuma yake uzi mmoja ufunike mwingine. Chagua nyota moja angavu, isiwe sayari maana sayari zinahama, na andika saa inapojificha nyuma ya nyuzi. Kesho yake nyota ileile itapita mapema kwa dakika 3 na sekunde 56. Saa yako ikionesha imewahi kwa dakika 3 tu, basi saa inakimbia kwa sekunde 56 kwa siku, ikionesha dakika 5 inabaki nyuma. Mafundi saa wa zamani Ulaya walirekebisha saa kwa namna hii, na huhitaji kujua jina la nyota wala longitudo.

Wakati wa masika kuna wiki nzima hupati jua wala nyota. Hapo watu walikuwa wanabeba muda kutoka kwa mwenye nao. London familia ya Belville waliifanya biashara kabisa kuanzia 1836: kila wiki wanapeleka saa yao nzuri Greenwich inahakikiwa, halafu wanazunguka nayo kwa wateja, unatazama, unarekebisha ya kwako, unalipa. Ruth Belville aliendelea nayo hadi 1940, wakati redio ipo na simu ya kupiga kuuliza saa ipo. Wewe kwa mawingu fuata simu, toa dakika za mji wako ulizopata hatua ya 4, na jua likitoka kipime tena kile kivuli, maana saa za ukutani za betri nyingi zinapoteza sekunde kadhaa kwa wiki na kwa masika nzima zinaweza kukuacha dakika nzima.